Kamba, mawe na maua: Profesa Thomas Elbert na tiba ya majeraha yasiyoonekana

Duara likiporomoka, habari huhesabu watu: wangapi wamefukiwa, wangapi wametolewa hai, wangapi wamefariki. Baada ya wiki chache hesabu hufungwa, na watu hurudi kazini. Lakini ipo hesabu nyingine isiyofungwa. Mtu ametoka salama, hakuvunjika mfupa, hospitali wamemruhusu, ila hawezi kulala kwenye chumba kilichofungwa mlango. Akisikia lori linamwaga mawe anatetemeka. Ameanza kunywa tangu asubuhi. Nyumbani wanasema amebadilika, majirani wanasema amechezewa.

Msikilizaji wetu wa Samuye, Kahama au Geita, watu wa namna hii tunaishi nao. Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Kahama. Watano kati yao walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula mizizi, wadudu na vyura. Mwenzao mmoja alifia humo humo, pembeni yao. Agosti 2025, watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, na ndugu zao walikaa juu ya shimo siku nyingi wakisubiri. Na si migodi tu. Kanda yetu imeona vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Imeona watu wenye ualbino wakikatwa viungo. Wapo watoto walioyaona hayo kwa macho yao, na leo ni watu wazima.

Makala hii inaeleza kazi ya profesa mmoja wa saikolojia kutoka Ujerumani, Thomas Elbert, pamoja na wenzake. Tumemchagua kwa sababu tiba waliyoijenga haikukomaa katika hospitali ya kifahari ya Ulaya. Ilipimwa kwenye makambi ya wakimbizi ya jirani zetu Uganda, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu ambao si madaktari.

Thomas Elbert ni nani?

Elbert alisoma saikolojia, hisabati na fizikia mjini Munich. Kwa miaka mingi hakuwa mtu wa makambi. Alikuwa mtu wa maabara, akifanya kazi katika vyuo vikuu vya Tübingen na Münster, akipima jinsi ubongo wa binadamu unavyofanya kazi. Mwaka 1995 alihamia Chuo Kikuu cha Konstanz, mji wa kusini mwa Ujerumani ulio kando ya ziwa, kama Mwanza ilivyo kando ya Ziwa Victoria. Huko ndiko alikofundisha muda mrefu. Yeye ni mwanachama wa Leopoldina, ambayo ndiyo akademia ya taifa ya sayansi ya Ujerumani.

Mwaka huo huo wa 1995, yeye na wenzake walichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa. Waliwapima wapiga fidla na vyombo vingine vya nyuzi, vyombo vya ukoo mmoja na zeze. Mpigaji wa vyombo hivyo hutumia vidole vya mkono wa kushoto kubonyeza nyuzi kwa ustadi mwingi. Watafiti waliona kuwa sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole hivyo imekuwa kubwa kuliko ya watu wasiopiga. Na waliofundishwa tangu utotoni walikuwa na badiliko kubwa zaidi.

Mwaka huo pia alishiriki utafiti ulioongozwa na mwanasaikolojia Herta Flor, kuhusu watu waliokatwa mkono. Wengi wao huendelea kusikia maumivu kwenye mkono ambao haupo tena. Walioumia zaidi ndio ambao ubongo wao ulikuwa umejipanga upya kwa kiwango kikubwa zaidi baada ya mkono kuondolewa.

Tafiti hizi mbili zina somo moja: ubongo si jiwe. Unabadilika kufuatana na yale yanayompata mtu. Mazoezi yanaujenga, na maumivu nayo yanaacha njia ndani yake. Basi swali likafuata lenyewe. Kama mazoezi ya zeze yanaacha alama kwenye ubongo, je, hofu ya vita inaacha nini? Na kama ubongo ulibadilika ukaumia, hauwezi kubadilika tena ukapona?

Kiwewe ni nini?

Kila mtu huogopa anapokutana na hatari, na hofu hiyo ni ya msaada. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, mtu anakimbia au anapigana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Watu wengi waliopatwa na jambo baya hutulia wenyewe baada ya siku au wiki, hasa wakiwa na ndugu wanaowajali.

Kwa wengine hofu haiondoki. Dalili kubwa ni hizi:

Kwanza, tukio linajirudia. Mtu anaota ndoto mbaya, au mchana kweupe anaona na kusikia upya yaliyotokea, kama vile yanatokea sasa hivi.

Pili, anakwepa. Hapiti njia ile, hataki kusikia jina la mahali pale, hataki kuulizwa.

Tatu, mwili uko macho muda wote. Anashtuka kwa sauti ndogo, halali vizuri, anakasirika upesi.

Nne, moyo unakuwa mzito au unakufa ganzi. Anajiona ana hatia kwa sababu yeye amepona na mwenzake amekufa, au hasikii tena furaha hata akiwa na watoto wake.

Dalili hizi zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi au kuishi na wenzake, wataalamu husema ana ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Si uchizi, si uvivu, na si lazima awe amerogwa.

Timu ya Elbert ilitilia mkazo jambo moja kutokana na utafiti wao kwa wakimbizi wa ukanda wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Mizigo hupandana. Mtu aliyepatwa na jambo moja la kutisha ana nafasi nzuri ya kupona mwenyewe. Kadiri aina za matukio zinavyoongezeka, yaani amepigwa, ameona mtu akiuawa, nyumba imechomwa, amefiwa, ndivyo uwezekano wa kuugua unavyopanda. Mzigo ukiwa mkubwa vya kutosha, hata mtu shupavu huanguka. Kwa hiyo kumwambia mtu "jikaze kiume, mbona fulani alipona" ni kumwonea. Huenda huyo fulani hakubeba mzigo sawa na wake.

Kumbukumbu moto na kumbukumbu baridi

Ili kuielewa tiba yenyewe, tuanze na namna tunavyokumbuka.

Kumbukumbu ina sehemu mbili. Iko kumbukumbu baridi, ambayo ni habari: ilikuwa wapi, lini, nani alikuwepo, nini kilitangulia na nini kikafuata. Na iko kumbukumbu moto, ambayo ni ya mwili: harufu, sauti, giza, moyo kudunda, jasho, hofu yenyewe.

Katika mambo ya kawaida sehemu hizi hukaa pamoja. Ukikumbuka harusi yako, unakumbuka furaha na unajua pia ilikuwa mwaka gani na mahali gani. Katika tukio la kutisha mno, zinaachana. Kumbukumbu moto inabaki imewaka peke yake, bila tarehe wala mahali. Chukua mfano wa kijana aliyefukiwa na kifusi. Miezi sita baadaye yuko sokoni, harufu ya udongo mbichi inampata, na mwili wake wote unaamini kwamba yuko shimoni sasa hivi. Hakuna kitu ndani yake kinachomwambia kuwa lile lilikuwa Machi na leo ni Septemba.

Kwa kuwa inauma, anaikimbia. Kwa kuwa anaikimbia, haipati nafasi ya kuunganishwa na tarehe na mahali pake. Mwaka unapita, na bado inawaka. Lengo la tiba ni kuirudisha kumbukumbu moto mahali pake, ili mtu aseme na mwili wake uamini: hili lilinipata, lilikuwa pale, siku ile, na limekwisha.

Jinsi tiba inavyofanyika

Tiba hii waliijenga watatu wa Konstanz: Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Neuner baadaye alikuwa profesa wa saikolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Bielefeld. Mwaka 2005 walitoa kitabu cha mwongozo kinachoeleza hatua zake. Kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuiita tiba ya kusimulia maisha.

Mshauri huanza kwa kumhoji mtu kuhusu dalili zake, kisha anamweleza ugonjwa huu ni nini na kwa nini kusimulia kutamsaidia. Mgonjwa anakubali au anakataa. Halazimishwi.

Halafu inaletwa kamba. Inanyooshwa chini, mwanzo wake ni siku ya kuzaliwa, na mwisho wake umekunjwa, maana maisha bado yanaendelea. Mgonjwa anaweka maua kwenye kamba kwa kila jambo jema: kuanza shule, ng'ombe wa kwanza, ndoa, mtoto. Anaweka mawe kwa kila jambo baya, jiwe kubwa kwa jambo kubwa. Kwa wale ambao wao wenyewe walipigana vita na kuua, huongezwa vijiti kwa yale waliyowatendea wengine. Siku hiyo hasimulii kwa kina, anataja tu. Lakini tayari ameona jambo ambalo pengine hakuwahi kuliona: maisha yake yana mpangilio, na si mawe matupu.

Katika vikao vinavyofuata, ambavyo huchukua saa moja hadi mbili kila kimoja, anasimulia maisha yake kwa mfuatano, tangu utotoni. Wakifika kwenye jiwe, mwendo unapungua. Mshauri anauliza pole pole: ulikuwa umesimama wapi? Uliona nini? Ulisikia harufu gani? Uliwaza nini? Mwili ulikuwaje wakati ule, na sasa unaposimulia ukoje? Mtu anaweza kulia, kutetemeka, kutoka jasho. Mshauri hamwachi katikati. Anabaki naye mpaka tukio linafika mwisho wake na hofu inashuka, na anamkumbusha kuwa yuko hapa, leo, kwenye kiti hiki.

Mshauri anaandika. Kikao kinachofuata anasoma alichoandika, mgonjwa anasahihisha na kuongeza, kisha wanasonga mbele. Mwishoni, habari yote ya maisha inasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho na mgonjwa anakabidhiwa nakala yake. Kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kuamini yaliyompata, karatasi hiyo ni ushahidi.

Kutoka Konstanz hadi Imvepi

Maneno mazuri hayatoshi, tiba lazima ipimwe. Timu hiyo ilikwenda Imvepi, makazi ya wakimbizi huko West Nile, walikokuwa wakiishi Wasudani waliokimbia vita vya kusini. Waliwachukua wakimbizi 43 wenye ugonjwa wa kiwewe na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipata vikao vinne vya kusimulia maisha. La pili lilipata vikao vinne vya ushauri wa kawaida wa kutiwa moyo. La tatu lilipata kikao kimoja cha kuelezwa ugonjwa.

Mwaka mmoja baadaye walipimwa tena. Katika kundi la kusimulia, asilimia 29 ndio waliokuwa bado na ugonjwa. Katika kundi la kutiwa moyo walikuwa asilimia 79, na katika kundi la tatu asilimia 80. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watu 43 ni wachache, lakini yalionyesha kuwa hata mtu anayeishi kambini kwa mgao wa chakula, bila uhakika wa kesho, anaweza kutibiwa.

Nakivale: wakimbizi waliotibu wenzao

Hata hivyo, tatizo lilibaki. Wenye shida ni maelfu, na wanasaikolojia wanahesabika kwa vidole. Nani atawatibu?

Jibu walilitafuta Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Kagera. Waliishi huko Wanyarwanda na Wasomali. Miongoni mwa watafiti alikuwemo Mganda, Lamaro Onyut. Safari hii washauri walikuwa watu wa kambini wenyewe, wanaojua kusoma na kuandika na lugha za wenzao, waliofundishwa kwa wiki chache na kusimamiwa na wataalamu.

Wakimbizi 277 walishiriki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Miezi tisa baada ya tiba, asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa. Kundi lililopata ushauri wa kiwewe wa aina nyingine, pia kutoka kwa washauri hao hao, lilifikia asilimia 65. Kundi lililofuatiliwa tu bila tiba lilikuwa asilimia 37.

Tuzitazame namba hizo kwa uaminifu. Tofauti ya 70 na 65 ni ndogo, ingawa walioacha tiba njiani walikuwa wachache zaidi katika kundi la kusimulia. Habari kubwa ni tofauti kati ya kusikilizwa vizuri na kutosikilizwa. Na waliosikiliza hawakuwa na digrii. Walikuwa majirani waliofundishwa kazi.

Kaskazini mwa Uganda, tiba hiyo ilipimwa kwa vijana 85 waliowahi kutekwa na kulazimishwa kuwa askari watoto. Washauri wa jamii waliwafuata majumbani kwao. Utafiti huo wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliosimulia maisha yao walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopewa masomo ya ziada au waliosubiri zamu. Elbert na wenzake walifanya kazi pia mashariki mwa Congo na wapiganaji waliotoka msituni. Huko walilazimika kuzungumzia jambo gumu: mtu anaweza kuwa ameumizwa na ameumiza, na asipotibiwa anarudi kwenye bunduki.

Na Tanzania je?

Nasi tumetafitiwa pia. Mwaka 2014, Elbert akiwa na Tobias Hecker na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa nchini kwetu kwa watoto 409 wa shule ya msingi. Asilimia 95 walisema wamewahi kuadhibiwa kwa kipigo na mzazi au mlezi. Asilimia 82 walipigwa kwa fimbo, mkanda au kitu kingine. Karibu robo ya watoto walipigwa mpaka wakaumia. Na watoto waliopigwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ugomvi na utundu, na upole mdogo kwa wenzao.

Wengi wetu tumelelewa kwa fimbo na tunaamini ndiyo iliyotunyoosha. Utafiti wa siku moja hauwezi kusema peke yake kipi kilitangulia, fimbo au utundu. Ila unatuuliza swali ambalo mzazi hawezi kulikwepa: kama fimbo inanyoosha, mbona waliopigwa sana si ndio walionyooka sana? Ukikumbuka wapiga zeze, yaliyoanza utotoni ndiyo yaliyoacha alama kubwa.

Mipaka ya tiba hii

Kusimulia si dawa ya kila kitu. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, mwenye kifafa, au anayesema anataka kujiua, anahitaji kufikishwa hospitali haraka. Mwanamke anayeendelea kupigwa nyumbani anahitaji kwanza usalama.

Pia, kusimulia kwa tiba si sawa na kuhojiwa. Kumbana mtu aliyetoka shimoni saa ile ile aeleze kila kitu si tiba, na tafiti hazikuonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinakinga ugonjwa. Kwa sisi wa redio hili lina uzito wake: kipaza sauti si mshauri. Siku ya kwanza mtu anahitaji maji, chakula, blanketi, kuonana na ndugu zake na kulala.

Na wewe unayesoma hapa usikimbilie kutandaza kamba kwa jirani yako. Kufungua jeraha bila kujua kulifunga ni hatari. Washauri wa Nakivale walifundishwa, na walikuwa na wa kuwauliza.

Tuanzie wapi?

Ukiona dalili tulizozitaja kwa zaidi ya mwezi, anza na zahanati au kituo cha afya. Usiseme tu "kichwa kinauma" au "silali", eleza na kilichotangulia. Omba rufaa kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Bugando, Mwanza, wana huduma hiyo, na Mirembe ya Dodoma ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili.

Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto, au mwone afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi.

Kwa viongozi wa machimbo, serikali za vijiji na sungusungu, tunaacha wazo moja. Kila baada ya ajali hukaa kikao cha kuhesabu hasara na kukagua matimba. Ongezeni ajenda moja: nani alitoka hai, na mwezi mmoja baadaye nani atakwenda kumjulia hali? Nakivale walipata watu wa kufanya kazi hiyo miongoni mwao wenyewe. Samuye tuna walimu wastaafu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama wa vikoba, mashehe na wachungaji ambao watu tayari wanawaamini. Kinachokosekana ni mafunzo, na mafunzo yanaombwa. Halmashauri ina mganga mkuu wa wilaya na idara ya ustawi wa jamii. Barua ya kijiji ianzie hapo.